Ploti moja, warithi wanne: kisa cha ujenzi uliopita kiasi Mbale

Ploti yenyewe ni ya hamsini kwa mia, kipimo ambacho dalali yeyote wa ardhi Uganda hukitaja bila kueleza zaidi: futi 50 kwa upande wa barabara, futi 100 kwenda nyuma, desimali 11 na nusu hivi (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari). Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, sawa na mita za mraba 464.5. Iko Mbale, katika mtaa ulio kwenye mteremko. Jina la mtaa nimeliacha, na majina ya watu pia, kwa sababu familia bado inaishi hapo na jirani wao bado ni jirani wao.

Mwenye ploti alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Mwislamu, mtu aliyelea watoto wake kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyoizoea njiani tangu Mombasa hadi Malaba na kuendelea. Alijenga kwa utaratibu. Alichora ramani, akalipa ada, akapata kibali. Nyumba kubwa ina upana wa mita 11 na urefu wa mita 12, kwa hiyo inakalia mita za mraba 132. Nyuma yake alijenga banda la jiko, bafu na choo cha shimo, mita za mraba 18. Jumla ni 150. Kibali kilisema majengo yote yasifunike zaidi ya nusu ya ploti, na yeye alikuwa amefunika asilimia 32 tu. Kando ya nyumba, upande wa kulia, aliacha njia ya mita tatu inayofika hadi uani. Wengi walidhani njia ile ni ya kuegesha gari lake. Ukweli ni kwamba alikuwa akifikiria siku ambayo shimo la choo litajaa.

Alifariki bila wasia, akaacha mke, wana wawili na binti mmoja. Ndipo matatizo ya ploti hii yalipoanza, na kwa maoni yangu ndipo ploti nyingi za mijini kwetu zinapoanza kuharibika.

Familia ilimwita sheikh awagawie mirathi. Mgawo wake ulikuwa ule unaojulikana: mke aliye na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki hugawanywa kati ya watoto, mwana akichukua sehemu mbili na binti moja. Sheikh alizungumza juu ya mali yote ya marehemu kwa thamani yake. Hakumwambia mtu yeyote ashike kamba akapime ardhi. Lakini mali kubwa iliyokuwepo ilikuwa ploti, na vijana wakaibadilisha hesabu ya sheikh kuwa mita. Mama akaandikiwa mita za mraba 58. Kila mwana 162 na nusu. Binti 81. Wakachora mistari kwenye karatasi ya daftari, wakaiweka sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa, na kila mmoja akaondoka akijua kipande chake. Mkubwa alipata nyuma. Mdogo alipata mbele, upande wa kushoto. Binti alipata pembe ya mbele upande wa kulia. Nyumba ya mama ilibaki katikati, na karatasi haikueleza imekaa juu ya sehemu ya nani.

Mkubwa alianza kujenga. Alikopa kwenye SAKO yao ya kazini, chama cha akiba na mikopo, akajenga safu ya vyumba vitano vya kupangisha, vile ambavyo huku kwetu huitwa mizigo. Kila chumba ni mita tatu kwa nne, na mbele yake kibaraza cha mita moja na ushee. Safu nzima ilitoka ukuta wa mpaka wa kushoto hadi ukuta wa mpaka wa kulia, mita 15.2, na kina chake mita 5.2. Hizo ni mita za mraba 79. Paa lilikuwa la mteremko mmoja, likielekea nyuma, na ncha ya mabati ilipita juu ya mpaka.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalitarajii. Baada ya safu ile, ploti ilikuwa imefunikwa mita za mraba 229, asilimia 49.3. Ilikuwa bado ndani ya nusu. Mtu akitazama asilimia peke yake, mkubwa hakuvunja sharti. Lakini kibali kina masharti mawili yanayokwenda pamoja, na watu husikia moja tu. La kwanza ni kiasi cha ardhi kinachoweza kufunikwa na majengo. La pili ni umbali ambao jengo lazima liache kutoka kila mpaka: mbele, nyuma na pembeni. Sharti la kwanza linasema ujenge kiasi gani. La pili linasema usijenge wapi. Safu ya mkubwa ilipita kwenye la kwanza ikaanguka kwenye la pili pande tatu kwa wakati mmoja. Tena, hakuwa ameomba kibali kipya. Aliamini kibali cha baba kinaendelea kuishi na ploti, na si yeye peke yake anayeamini hivyo.

Mdogo akafuata. Alianza nyumba ya vyumba viwili mbele ya nyumba ya mama, mita 8 kwa 5.5, yaani mita za mraba 44. Binti naye akaagiza mchanga na matofali ya duka la mita za mraba 20 kwenye pembe yake. Pembe hiyo ndiyo mdomo wa ile njia ya mita tatu. Jengo la mdogo lilikuwa limefika kwenye linta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, siku notisi ya kusimamisha kazi ilipobandikwa, na alama nyekundu ya X ikapakwa ukutani.

Aliyeshtaki alikuwa jirani wa nyuma, mwalimu mstaafu ambaye ploti yake iko chini zaidi kwenye mteremko. Hakushtaki kwa wivu, kama ilivyovumishwa mtaani. Maji ya mabati ya mkubwa yalikuwa yakimwagika moja kwa moja kwenye msingi wa ukuta wake wa jikoni, na ukuta ulikuwa umeanza kupasuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, dalili ambayo fundi yeyote anaijua: udongo chini ya msingi umelowa na kutitia upande mmoja. Alikwenda kwanza kwa mkubwa, akaambiwa atalifanyia kazi. Akaenda kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye alikuwa ameshuhudia karatasi ya mgawo na hakutaka kuonekana anaitengua. Mwisho akaandika kwa ofisi ya ujenzi ya divisheni.

Nani ana mamlaka gani

Wengi huchanganya ofisi hizi, na mkanganyiko huo huwagharimu. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, si miji pekee. Kwa sheria hiyo kamati ya mipango ndiyo inayokubali au kukataa uendelezaji wa ardhi: matumizi gani, msongamano gani, ploti igawanywe au isigawanywe. Kisha kuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2020. Hiyo inahusu jengo lenyewe: kibali cha kujenga, ukaguzi, na kibali cha kuingia kukaa. Kamati ya ujenzi na ofisa wake wa udhibiti ndio wenye kazi hiyo. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kushuhudia mapatano na kusuluhisha majirani. Hana uwezo wa kugawanya ploti wala kuruhusu ukuta mpakani, hata akipiga muhuri mara tatu.

Kuhusu kiasi cha kufunika, hakuna asilimia moja ya nchi nzima ya kukariri. Makazi hupangwa kwa madaraja ya msongamano, mdogo, wa kati na mkubwa, na kiasi kinachoruhusiwa hubadilika kwa daraja na kwa mpango wa eneo husika. Nusu iliyoandikwa kwenye kibali cha dereva ilikuwa ya ploti yake, katika mtaa wake. Anayetaka kujua yake aende kwa ofisa mipango na namba ya ploti mkononi, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kikao

Hajati, mama wa familia, aliniomba nipime ploti upya na kuchora kilichopo kabla hawajaitwa mbele ya kamati. Nilipima majengo yote, hata la mdogo ambalo halijaisha, na kuweka duka la binti kwa mistari ya vitone kama alivyokusudia. Jumla ilifika mita za mraba 293, asilimia 63 ya ploti. Nikawawekea karatasi mezani, kwenye sebule ileile waliyogawania mirathi.

Mkubwa aliitazama akaikataa. Alisema yeye ana mita 162 na nusu na amejengea 79, chini ya nusu. Mdogo akasema yake ni 44 tu kati ya 162, hata theluthi haifiki. Binti akasema duka lake ni robo ya sehemu yake. Hesabu zao zote tatu zilikuwa sahihi. Waliongea kwa uchungu wa watu wanaoamini wametii sheria na bado wanaadhibiwa.

Hajati aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na nyumba yangu mmeiweka kwenye sehemu ya nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye ile karatasi ya daftari. Mama alikuwa ameandikiwa mita 58, na juu yake kuna nyumba na banda vya mita 150. Watoto walikuwa wamegawana ardhi kana kwamba ni tupu. Kila mmoja alipima jengo lake dhidi ya kipande chake, na kile ambacho baba alishajenga hakikuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kwa hati ya ardhi, hata hivyo, ploti ni moja. Haijagawanywa, na kwa ukubwa wake haiwezi kugawanywa mara nne katika mji wenye mpango: hakuna kamati itakayopitisha ploti ya mita za mraba 58. Kwa hiyo kiasi cha kufunika kinapimwa kwa ploti yote, na majengo yote yanahesabiwa, la marehemu na la walio hai.

Swali lile la Hajati lina uzito mwingine wa kisheria ambao vijana hawakuufikiria. Sheria ya Mirathi ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2022, inalinda haki ya mjane kuendelea kukaa katika nyumba ya makazi waliyoishi na mumewe. Nyumba ya katikati, basi, haikuwa mali inayosubiri mama aondoke. Ilikuwa jengo lenye ulinzi, na lilikuwa limeshakula zaidi ya robo ya ploti.

Kwa nini nusu iliyobaki ina kazi

Mdogo aliniuliza swali la haki, na sikutaka kulipita juu juu: ardhi ni yetu, baba aliilipia, kwa nini serikali itukataze kuijaza? Nilimjibu kwa maji kwanza.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Mbale si ajabu, ikinyesha juu ya mabati ya baba ya mita 150 inatoa lita 7,500. Mita zaidi ya 300 zilizobaki zilikuwa udongo, nyasi na mwembe, na sehemu kubwa ya maji yake ilizama. Ikinyesha juu ya mita 293 za mabati inatoa lita 14,650, karibu mara mbili, na udongo wa kuipokea umepungua kwa karibu nusu. Mkubwa alikuwa na wazo la kutandika peva, yaani matofali ya zege ya kusakafia, uani ili wapangaji wasikanyage tope. Wangefanya hivyo, ploti nzima ingekuwa inamwaga zaidi ya lita 23,000 kwa mvua moja, na yote yangeelekea chini, kwa mwalimu.

Mbale inayajua maji. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Simaanishi vyumba vitano vya kupangisha ndivyo vilivyofurisha mto. Milima imevuliwa miti, kingo za mito zimejengwa, na mvua yenyewe ilikuwa nzito. Lakini mto mjini hupokea kile ambacho paa na uani umekataa kupokea, na ploti za hamsini kwa mia ni nyingi sana. Kila moja ikiongeza lita 7,000, mtaro wa mtaa uliochimbwa kwa hesabu ya zamani hautoshi tena.

Halafu choo. Mtaa huu hauna bomba la maji machafu. Shimo lilichimbwa kwa watu watano. Vyumba vitano vikipangishwa kwa familia ndogo ndogo, watumiaji wanafika ishirini na zaidi, na shimo litajaa kwa kasi ambayo baba hakuifikiria. Likijaa kuna njia mbili: kuchimba jingine, au kuita gari la kunyonya. Ya kuchimba haipo, kwani nafasi imejengwa. Gari nalo linahitaji ile njia ya mita tatu, na duka la binti lingesimama kwenye mdomo wake. Sijui familia ngapi za mjini zimejifungia shimo lao namna hii bila kujua, ila nimeona mashimo yanayochotwa kwa ndoo usiku na kumwagwa mtaroni, na mtu hafanyi hivyo kwa kupenda. Zimamoto linahitaji njia hiyohiyo. Hewa na mwanga vinahitaji nafasi hizohizo: vyumba vya mkubwa havikuwa na dirisha la nyuma, kwa sababu nyuma ni ukuta wa mpaka, kwa hiyo joto la mabati na moshi wa sigiri vilitokea mlangoni tu.

Mdogo alinielewa, lakini alisema jambo ambalo naliandika kwa sababu ana haki. Alisema msingi wake ulikaa wazi kando ya barabara miezi mingi, ofisa akipita na pikipiki. Kwa nini X ipakwe kwenye linta, wakati ameshamaliza pesa? Hapo sina cha kuitetea ofisi. Kuzuia jengo kwenye msingi kunamgharimu mtu mitaro na mawe. Kulizuia kwenye linta kunamgharimu akiba ya miaka. Sheria ya 2013 inataka ukaguzi wa hatua kwa hatua kwa sababu hiyo. Na kibali cha baba, chenye masharti yote mawili, kiliandikwa kwa Kiingereza kizito nyuma ya ramani iliyokunjwa ndani ya sanduku la bati. Watoto hawakuwahi kukisoma. Katika nchi iliyokiweka Kiswahili kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, naona ni haki ya familia kama hii kupewa ukurasa mmoja wa masharti kwa lugha wanayozungumza mezani.

Kuna malalamiko mengine ya haki. Kanuni ya asilimia inahesabu paa, haihesabu peva. Mtu anaweza kubaki ndani ya nusu na kuiziba nusu nyingine kwa zege, na kwa jirani wa chini matokeo ni yaleyale. Pia nusu ya ploti kubwa ya Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, inaacha bustani, ilhali nusu ya hamsini kwa mia inaacha watu wanne wakibishania mita 82 zilizosalia baada ya nyumba ya baba. Sharti ni lilelile, mzigo haulingani. Bado siamini kwamba dawa ni kuliondoa. Mwalimu wa chini ana ploti ndogo vilevile, na hana pa kukimbilia maji ya wengine.

Kilichoamuliwa

Kamati ilikuwa na njia ya mkato: kubomoa jengo la mkubwa na la mdogo na kufunga jalada. Nashukuru haikuichukua. Mkubwa ana deni la SAKO, na wapangaji wake ni watu wenye watoto shuleni. Familia ilikwenda na mchoro wa pendekezo, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Jengo la mdogo lilibomolewa. Hilo halikuwa na mjadala, lilikuwa limekaa ndani ya nafasi ya barabara na halina kibali. Kwa kuwa kuta zilikuwa zimejengwa kwa udongo na saruji kidogo, matofali mengi yaliokolewa mazima, yakapangwa kando ya uzio.

Safu ya mkubwa ilipewa muda, kwa maandishi, kwa masharti matatu. Chumba cha mwisho upande wa kulia kiondolewe, ili njia ifike hadi nyuma na maji yapate pa kupita. Paa ligeuzwe limwage ndani ya ploti, liwekewe gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) na tangi. Na muda ukiisha safu yote iondoke mpakani. Kuondoa chumba kimoja kulirudisha ploti kwenye mita za mraba 213 na ushee, karibu asilimia 46. Ukuta wa mwalimu ulitengenezwa kwa gharama ya mkubwa, na mapatano hayo ndiyo mwenyekiti wa LC1 aliyashuhudia, kazi inayomhusu kweli.

Pendekezo la muda mrefu ni kwenda juu. Mahali pa safu, kwa kuacha nafasi nyuma na pembeni, panawekwa jengo la ghorofa moja juu ya chini, mita 10 kwa 6.5. Linakalia ardhi mita za mraba 65 na kutoa sakafu ya mita 130. Linganisha: vyumba vya mkubwa na nyumba ya mdogo kwa pamoja vilikuwa mita 123. Wanapata zaidi kidogo ya walichokitaka, kwa nusu tu ya ardhi. Vyoo vinaingia ndani na kuunganishwa na tangi la maji machafu karibu na njia ya gari, nyumba ya mama nayo ikiunganishwa hapo, kisha banda la zamani linavunjwa. Nyumba ya mama na jengo jipya ni mita 197, asilimia 42. Duka la binti, likipunguzwa hadi mita 15 na kuhamishiwa pembe ya kushoto nyuma ya mstari wa barabara, linafikisha asilimia 45.6. Linahitaji ruhusa ya matumizi ya biashara, na hiyo inaombwa kivyake.

Mkubwa alitaka kujua kwa nini asipandishe ghorofa juu ya vyumba vilivyopo. Kwa sababu msingi ule ulichimbwa kwa paa la mabati, hauna nguzo, na nondo zake ni za linta tu. Majengo yaliyoongezewa uzito ambao msingi haukuutarajia yameua watu Uganda. Ghorofa linataka mhandisi wa miundo, zege lililopimwa, na pesa. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, peke yake inaweza kula kiasi kilichojenga safu nzima. Njia ya juu haifai kuuzwa kwa maskini kana kwamba ni rahisi. Kwa familia hii inawezekana kwa awamu: chini kwanza, nguzo zikiwa tayari kubeba juu, wapangaji wakihamia hapo, kodi yao ikisubiri slabu.

Kilichobaki kigumu ni umiliki. Nani ana nini katika jengo moja juu ya ploti moja? Uganda ina Sheria ya Mali za Kondominiamu tangu 2001, ambayo inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, huku ardhi na njia na tangi vikibaki vya pamoja. Watu huihusisha na maghorofa ya matajiri wa Kampala. Kwangu naiona inafaa zaidi hapa, kwa warithi wanne wasioweza kugawana udongo ila wanaweza kugawana sakafu. Hata mgawo wa sheikh unakaa vizuri juu yake, kwa kuwa thumni na sehemu mbili kwa moja ni mafungu ya thamani, na thamani ya sakafu, duka na kodi inaweza kuhesabiwa na kusawazishwa bila kamba. Binti, ambaye kwenye karatasi ya daftari alipata pembe isiyojengeka, kwa njia hii anapata duka na fungu la kodi ya chini.

Kwa sasa hawajafika huko. Barua za usimamizi wa mirathi zimeombwa mahakamani, kwani bila hizo hakuna mrithi anayeweza kuomba kibali kwa jina lake wala kugusa hati ya baba. Karatasi ya daftari imefutwa kwa sahihi za wote wanne. Ramani ya jengo jipya iko kwa kamati ikiwa na jedwali la maeneo kwenye kona yake, na mstari wa kwanza wa jedwali hilo ni nyumba ya mama, mita za mraba 132.